Mwongoza Wageni wa Mtopani

Maisha yake yote Mzee Seif Mansour aliyapitisha akiwaonyesha watu wengine pa kwenda. Ujanani, kwao Pangani, aliwaongoza wageni kwenye magofu ya kale. Uzeeni, huku Johannesburg, aliwaongoza wenye magari waliokuja kutazama mpira Ellis Park. Alisimama kwenye barabara za Bertrams na kizibao chake cha kung'aa, akipunga mkono: "Njoo, baba, njoo, kata kidogo, sharp." Gari likishakaa vizuri alilipigapiga mgongoni kama mtu anayempongeza ng'ombe. Miaka kumi na minne aliifanya kazi hiyo, jua na mvua, mpaka moyo ulipomwangusha.

Mimi naitwa Najma, mzaliwa wa Tanga, barabara ya kumi na tatu. Nilipanga naye nyumba moja. Chumba chake na changu vilitenganishwa na ubao, na kupitia ubao huo nilijua akikohoa, akiswali, akigombana na redio. Nasema mapema kwamba sina subira na uongo. Nina meza ya nguo mjini kati, nimefanya biashara na Wakongo, Wanaijeria na Wasomali, nimekutana na waongo wa kila taifa, lakini mwanamume wa pwani aliyehamia Johannesburg ndiye kiboko yao. Kila mmoja kwao ameacha nyumba ya ghorofa. Kila mmoja babake alikuwa shehe mkubwa. Mzee Seif peke yake hakuwahi kujisifia kitu mbele yangu. Ndiyo maana nilimheshimu, na ndiyo maana siku ile ya mvua iliniuma.

Aliondoka kwao mwaka tisini na tatu. Alivuka Msumbiji kwa malori na kwa miguu, akafika Alexandra, kitongoji cha Johannesburg, na suruali moja, akaanza kuuza sigara mojamoja nje ya spaza, kiduka cha nyumbani, ya mama mmoja wa Kizulu. Mama huyo alikuwa na binti, na binti huyo akawa mkewe. Mwaka elfu mbili na nane, watu walipoanza kuwatoa wageni majumbani, mkewe alisimama mlangoni na sufuria ya maji ya moto. Akawaita vijana wa mtaa wake kwa majina yao, mmoja mmoja, akawaambia atakayevuka kizingiti ataungua. Hawakuvuka. Kesho yake wakahamia Bertrams na mtoto wao Sumaiya, aliyekuwa na miaka saba. Mke akafariki baadaye kwa kifua, na mzee akamlea binti peke yake. Sumaiya anaelewa Kiswahili chote utakachomwambia, ila hujibu kwa Kizulu au Kiingereza. Akijitahidi sana hutoa Kiswahili cha kuvunjikavunjika ambacho mimi hukipenda.

Daktari alipomwambia mzee kwamba moyo wake umevimba na ndege asipande tena, akaanza kumtaja mama yake. Kabla ya hapo sikuwahi kumsikia akimtaja. Alikuwa mtoto wa pekee kwa mama huyo, na alimzika kule Mtopani, kijiji cha kusini ya mto Pangani, ndani ya ngome ya kale ambamo watu wa kwao walikuwa wakizika tangu enzi. Ndugu zake wa kwa baba walikulia Tanga mjini, hakuna aliyewahi kufika.

"Sikuandika jina, Najma," aliniambia. "Nilikuwa kijana wa miaka ishirini, sina mbele wala nyuma. Sasa nikifa mimi, hapatakuwa na mtu duniani anayejua pale kalala nani. Nataka kaburi lionekane, jina liandikwe, mtu amsomee Fatiha kwa jina lake. Sitaki kingine."

Nikamwambia hilo ni jambo la simu. Huku tumeshazoea. Tumewaoza watoto kwa simu, tumewazika wazazi kwa simu, tumekaa matanga kwa simu mpaka bando linakwisha wakati maiti ndiyo kwanza inatolewa nje. Nikampigia Salum, mtoto wa dada yake mzee wa kwa baba, mwenye gari aina ya Noah pale Tanga. Salum akakubali. Atamfungulia mjomba wake picha kwenye simu, ataendesha, na mjomba atamwelekeza njia mpaka kaburini. Akaahidi kubeba rangi nyeusi na brashi. Alipouliza jina la kuandika, mzee akakataa kulitaja kwenye simu. "Nitalitaja tukifika," alisema.

Ilikuwa Alhamisi, siku chache baada ya Idi. Kwetu Johannesburg ilikuwa sikukuu ya Uhuru, kwa hiyo sikufungua meza. Mvua ilianza kunyesha alfajiri, ile mvua ya mwisho wa kiangazi chao inayoleta baridi, na mabati yetu yalipiga kelele hata tukawa tunasemezana kwa sauti. Tanga nako masika yalikuwa yamekolea. Niliegemeza simu kwenye debe la sukari. Mzee alikuwa amevaa kanzu na kofia, na juu yake koti la baridi. Sumaiya alikaa miguuni pake akiwa amejifunika blanketi.

"Shikamoo mjomba," Salum alisema kutoka kwenye kioo. Nyuma yake waipa zilikuwa zinakwenda mbio.

"Marahaba, baba. Toka na barabara ya Pangani. Usikimbie, barabara hiyo inateleza."

Nilimwona mzee akibadilika. Mtu ambaye juzi alishindwa kumaliza kikombe cha uji alikaa wima na mkono ukaanza kuonyesha, kulia, kushoto, kana kwamba Salum yupo mbele ya gari anamwona. Tongoni akamsimamisha. Salum akashuka na mwavuli, akatuonyesha makaburi ya kale yenye nguzo zilizolowa, na mzee akamweleza Sumaiya kwa raha kama mwalimu.

"Unaona hizo tundu za mviringo kwenye nguzo? Hapo palipachikwa mabakuli. Mabakuli ya Kichina, yaliyokuja na majahazi. Mtu mkubwa akifa, walichukua bakuli zuri wakalipachika kwenye chokaa ya kaburi lake. Mengi yamebanduliwa sasa. Haya mambo ni kabla Mreno hajaijua njia ya kuja huku."

"Like castles za ngʼambo," alisema Sumaiya.

"Ngome yenyewe inakuja. Subiri."

Kigombe walipita bila kusimama. Kuingia Pangani mzee alisema, "Kata kushoto kwenye ghala la katani," na Salum akacheka, "Mjomba, hapo siku hizi ni sheli." Mji wa Pangani ulipita kiooni, nyumba zake kuukuu zenye milango mizito, watu wachache wakikimbia mvua na mifuko kichwani. Mzee akataja nani alikaa wapi, na kila aliyemtaja Salum alijibu kwamba hajui, au kwamba mwenyewe alishafariki. Kwenye kivuko walisubiri karibu saa nzima, mto umejaa na maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Nikamwomba mzee ale chochote. Akakataa. Alikuwa akimtazama Sumaiya mara kwa mara kwa namna ambayo sikuielewa, nikadhani ni uchovu.

Ng'ambo ya mto njia ilikuwa tope tupu. Noah ilinasa mara moja, wanakijiji wakaisukuma. Ilipofika saa saba ya Tanga ukuta wa ngome ukatokea nyuma ya minazi, mrefu, mweusi kwa unyevu, umemeguka upande mmoja. Mzee Seif akatoa pumzi ndefu.

"Mtopani," alisema.

Ila Mtopani ilikuwa imepata mambo mapya. Palikuwa na seng'enge, lango, na kibanda cha tikiti. Akatoka mwongozaji, mtu mzima wa kama miaka hamsini, aliyejitambulisha kwa jina la Muhammad. Salum akamweleza kwamba wamekuja kutafuta kaburi la ndugu, na mwenye kulijua yuko kwenye simu. Muhammad akasema hamna neno, karibuni.

"Ingia mlango wa kusini," mzee alielekeza. "Msikiti uwe kushoto kwako. Sasa hesabu hatua arobaini kuelekea kisimani."

Tukawa tunahesabu naye, mimi na Sumaiya, kwa sauti. Tulipofika thelathini na nane picha ikainuka, na tukaona.

Lilikuwa kaburi jeupe pee, limepakwa chokaa mwaka huohuo, limeezekwa paa dogo la bati. Vitambaa vyekundu na vyeupe vilifungwa kwenye nguzo za paa, vimelowa vinachuruzika. Palikuwa na bakuli lililopachikwa kichwani, limepakwa chokaa nalo, na chetezo, chupa za marashi, na bibi mmoja amejibanza pale kujikinga na mvua, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi. Mbele ya kaburi palisimama ubao mkubwa wa rangi. Salum akausoma: "Kaburi la Mwana Zuhura, binti wa Sultani wa Mtopani."

"Hapa siyo, mjomba," alisema. "Nihesabu tena?"

Muhammad, kwa kuwa ndiyo kazi yake, akaanza kueleza. Alieleza vizuri, kwa sauti ya kupanda na kushuka, kwamba Mwana Zuhura alikuwa mzuri kupita wanawake wote wa mwambao, kwamba mfalme wa ng'ambo alimposa kwa jahazi saba za hariri naye akakataa, akasema siendi kwa watu nisiowajua, nikifa nizikeni hapahapa kwa baba yangu, na bakuli langu la chakula liwekwe kichwani pangu. Nilimgeukia mzee nimwambie hadithi tamu. Nikaona midomo yake inacheza. Alikuwa akiyasema maneno yaleyale, jahazi saba za hariri, siendi kwa watu nisiowajua, kimyakimya, na midomo yake ilimtangulia Muhammad kidogo.

Nikamsogelea.

"Mzee Seif," nikasema, "hii hadithi umeijulia wapi?"

"Nimeitunga mimi," alisema.

"Eish, Baba," alisema Sumaiya.

Akasema yote palepale, simu iko wazi, Salum na Muhammad na yule bibi wanasikia. Hilo kaburi ni la mama yake. Alipomzika hakuwa na uwezo wa kumjengea, akakoroga chokaa mwenyewe, akalipachika bakuli la nyumbani, bakuli lao la mchuzi, kama watu wa kale walivyowafanyia wakubwa wao. Alifanya kwa mapenzi. Mwaka uliofuata akaletwa mama mmoja wa Kizungu, akaliona bakuli, akauliza, na huyu ni nani? Seif aliona haya kusema kwamba ni mama yake, mwanamke aliyekuwa akisuka makuti kwa watu, kalala kati ya masultani. Akasema, binti wa mfalme. Jina la Zuhura alilichukua kwa msichana aliyempenda darasa la saba. Mzungu akafurahi, akampa kiasi cha kununua viatu.

"Nikavaa viatu," alisema. "Kesho yake akaja mwingine, nikamwambia hivyohivyo, nikaongeza jahazi. Miaka sita, Najma. Ikafika mahali siwezi kupita pale nikamsomea mama yangu Fatiha, kwa sababu kila nikisimama watu wanakusanyika wanataka hadithi. Watu hudhani nilikimbia njaa. Nilikimbia lile kaburi."

Nilikasirika. Sitaficha. Nilitaka kuinuka niende chumbani kwangu nimwachie simu yake na Sultani wake. Mtu niliyemwamini kuliko wote alikuwa amesema uongo mkubwa kuliko wa wote, tena juu ya mama yake. Lakini nilimwona alivyolishika debe la sukari kwa mikono miwili, nikabaki.

Muhammad alikuwa amesimama na mwavuli wake. "Mzee wangu, samahani," alisema kwa adabu. "Hadithi hii nimeikuta kwa mwalimu wangu, naye aliikuta. Ina wenyewe. Watu wengi hudai mambo."

"Tazama bakuli," alisema mzee. "Lina maua mekundu, la dukani, si la kale. Ukingoni, upande wa kisima, pamemeguka kiasi cha ukucha. Nililidondosha nikiwa na miaka saba, akanichapa. Mmepapaka chokaa, hapaonekani. Pafute."

Kisha yule bibi aliyejibanza akainuka, akashika ncha ya kanga yake iliyolowa, akasugua ukingo wa bakuli taratibu. Salum akasogeza simu. Chokaa ilitoka nyeupe kwenye kanga. Ua jekundu likatokea, na pembeni yake, pale pale aliposema, palikuwa pamemeguka. Bibi akapagusa kwa kidole.

Muhammad aliinama akalitazama. "Basi hata kama ni kweli," alisema, na sasa sauti ya mwongozaji ilikuwa imemtoka, alizungumza kama mtu wa kawaida mwenye familia. "Ubao huu sikuuweka mimi, siwezi kuuondoa. Na tuseme ukweli, mzee. Watu wanapanda pantoni na kupita tope lote lile kuja kumwona binti wa Sultani. Nani atakuja kumwona mama yako?"

Mzee Seif aliinamisha kichwa. Sumaiya alimshika goti.

Ndipo yule bibi akaichukua simu mkononi mwa Salum, bila kuomba. Uso wake ukajaa kioo chote, umelowa mvua. "Mimi naitwa Zabibu," alisema. "Nilikaa ndani ya nyumba ya mume wangu miaka tisa sikupata mtoto. Nimekuja hapa kila Alhamisi. Nimefunga vitambaa, nimelia hapa, nimemwambia huyu mambo ambayo mama yangu mzazi sikumwambia. Nikapata mtoto wa kike, nikamwita Zuhura. Leo ana miaka kumi na sita, yuko sekondari. Unaniambia nilikuwa nikizungumza na nani?"

"Na mama yangu," alisema mzee.

"Na mwanangu nimempa jina la hawara yako wa shule."

Mimi mambo ya kuomba makaburini siyapendi, na siku nyingine ningemwambia hivyo. Mzee alikuwa akilia waziwazi. "Nisamehe, dada yangu," alisema. "Nisamehe."

"Mimi si wa kusamehe," alisema Bi Zabibu. "Mwenyewe huyu hapa. Mwambie."

Akailaza simu juu ya kaburi, kioo kikitazama juu. Hatukuona tena mtu. Tuliona ukingo wa bati, na mbingu ya kijivu, na matone yakiangukia kioo moja moja. Mvua ya kule na mvua ya mabati yetu zikawa kelele moja. Mzee Seif akasogeza uso mpaka karibu na simu.

"Mama," alisema. "Ni mimi, Seif. Nimekuja kwa kuchelewa, na hata leo sikufika. Watu waliniuliza wewe ni nani, nikaona haya. Uliuza makuti nikasoma, na mimi nikakuuza wewe. Nimekaa ugenini miaka thelathini sijawahi kulitaja jina lako, hata mke wangu sikumwambia, kwa sababu kila nikitaka kulitaja lilitoka lile lingine. Usiniache nije huko bila radhi yako, mama. Nakuomba. Nipe radhi yako."

Alisubiri, jamani. Mtu mzima anayekaribia miaka sitini alisubiri kweli, ametega sikio kwenye simu. Nimeishi miaka mingi na nimeona watu wakifa kwa mapanga na kwa maradhi, sijaona kitu kilichonivunja kama kusubiri kule.

Baada ya muda mkono ukaja ukaichukua simu. Bi Zabibu hakuwa na hasira tena usoni, au alikuwa nayo ameiweka pembeni. "Anaitwa nani?" aliuliza.

"Mwanamosi," alisema mzee. "Mwanamosi binti Kombo."

"Mwanamosi binti Kombo," alirudia Bi Zabibu. Akampa Salum simu, akainua mikono, akasoma. Salum akasoma, na Muhammad naye, kwa kuwa alikuwa Mwislamu kabla hajawa mwongozaji, akafunga mwavuli wake akasoma. Nasi tukasoma chumbani Bertrams. Mwisho wake Bi Zabibu akaomba kwa Kiswahili, Mungu amrehemu Mwanamosi binti Kombo, ampanulie kaburi, amjaalie amsamehe mwanawe. Alilitaja jina mara tatu, kwa sauti.

Sumaiya akamtazama baba yake. "Gogo aliitwa Mwanamosi?" aliuliza, akimwita bibi yake kwa Kizulu. "Baba, I'm twenty-two. Hujaniambia kitu hata siku moja."

"Sikukwambia," alisema mzee. "Sema, nikusikie."

Akalisema. Lilimtoka na lafudhi ya Kizulu, mzee akamrekebisha, akalisema tena, na tena, mpaka likakaa sawa.

Jina halikuandikwa. Muhammad alikubali kwamba Salum aandike upande wa nyuma, wasikofika wageni, lakini mvua ilikuwa inapiga upande huohuo na rangi ikachuruzika kabla brashi haijamaliza herufi ya tatu. Salum alisema atarudi kiangazi. Ubao wa Mwana Zuhura ulibaki ulivyo, na bado upo mpaka leo. Bi Zabibu, wakati wa kuagana, alisema tu kwamba Alhamisi ijayo atakuja kama kawaida yake, na sasa anajua anamsomea nani.

Mimi na mzee hatukusemezana siku mbili. Siku ya tatu nikampelekea uji. "Umenuna?" aliniuliza. "Nimenuna," nikamwambia, "kunywa uji." Akanywa wote.

Alifariki mwezi wa nane, asubuhi, kwenye kiti chake. Watu wa pwani walioko Johannesburg walikusanyika, kutoka Bertrams na mjini na Mayfair, wakamwosha, wakamsalia, wakampeleka kwenye makaburi ya Waislamu. Mimi na Sumaiya tulikwenda na gari la mwisho, tukasimama nyuma ya uzio, mahali wanawake wanaposimama. Maulana wa pale alimaliza dua akaondoka. Wetu wakabaki, kama ilivyo desturi ya kwetu, ili Luqman, fundi cherehani aliyesoma chuoni Tanga, amsomee marehemu talkini, amkumbushe majibu ya kaburini. Na kwenye talkini maiti huitwa kwa jina la mama yake.

Luqman alichuchumaa upande wa kichwa, akauliza, "Mama yake nani?"

Wanaume wakatazamana. Watu thelathini na zaidi, wengine waliolala naye chumba kimoja Alexandra, waliokula naye sahani moja, hakuna aliyejua. Sisi wa huku tunazikwa hivyo. Asiyejulikana mama yake huitwa kwa Bibi Hawa, mama wa wote, na nimewahesabu wengi wetu waliofukiwa kwenye udongo huu wakiwa wana wa Hawa, kama kwamba hawakuzaliwa na mtu. Nikamsikia mmoja akisema, "Mwite kwa Hawa tu, tumalize, mvua inakuja."

Kabla sijafungua mdomo Sumaiya alikuwa ameshika waya za uzio kwa mikono miwili.

"Hapana!" alipiga kelele. "Mwanamosi! Mama yake ni Mwanamosi binti Kombo!"

Wanaume wote wakageuka. Luqman akaitikia kwa kichwa, akauelekea udongo, akaita kwa sauti tukaisikia mpaka uzioni:

"Ewe Seif, mwana wa Mwanamosi."